Siku Ambayo Bi Chaki Hakuinuka

Jina lake la kazini ni Bi Chaki. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vina weupe usiotoka hata siku za mapumziko, na kitambaa chake cha kichwani kina alama ya chaki upande mmoja, pale anapozoea kujikuna akifikiri. Ana miaka hamsini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza ya kukatia ya karakana yetu, ambayo hushona sare za shule na za hospitali.

Mimi ni karani wa stoo. Dirisha langu linatazamana na meza hiyo, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona nikiwa nimekaa. Mara moja tu niliinuka kwenda kumwambia neno, na neno hilo ndilo lililoharibu mambo.

Kazi ya meza ya kukatia si ngumu kuieleza. Kitambaa hutandazwa tabaka juu ya tabaka, mara nyingine hadi tabaka arobaini. Juu yake hupangwa vipande vya karatasi ngumu: mgongo, kifua, mikono, kola, mifuko. Mtu anavizungushia chaki, kisha anakata. Ugumu uko katika kuvipanga. Ukiviweka kizembe, jora zima linaisha na sare hazijatimia. Ukivipanga vizuri, kola inajibana kati ya mkono na mgongo, mfuko unaingia kwenye pembe ambayo mtu mwingine angeitupa, na kinachobaki sakafuni ni vipande vya kujazia mito. Bi Chaki anaweza kutazama kitambaa mara moja na kusema, "Hapa zinatoka sitini na mbili," na zikatoka sitini na mbili.

Mezani pale walikuwa wanne. Mzee Wembe, ambaye ni wa zamani kuliko wote. Bi Chaki. Mwanamke kijana tuliyemwita Kimya kwa sababu huongea kwa nadra. Na wa nne ni mkwe wa Bi Chaki, mume wa binti yake wa kwanza. Huyu aliingia karakana akiwa hajui hata kushika makasi, na aliyemfundisha ni Bi Chaki mwenyewe, kabla hajaanza kumtazama binti yake.

"Ningejua atanichukulia mtoto, ningemfundisha vibaya," husema, na mkwe hucheka akiangalia chini.

Wote wanne walipanga, walichora, walikata. Lakini kwenye daftari la ofisi wanaume wawili waliitwa wakataji, na wanawake wawili waliitwa wasaidizi wa mezani. Jina hilo lilitoka enzi za mwanzo, wakati mwanamke wa kwanza alipoletwa kushika tu ncha ya kitambaa kisiteleze. Kazi ilibadilika, jina likabaki, na mshahara ukabaki na jina. Msaidizi alipata theluthi mbili ya anachopata mkataji. Mwanafunzi alikuwa akimzidi mwalimu wake, na mwalimu huyo alikuwa mama mkwe wake.

Hilo peke yake Bi Chaki angelivumilia kama alivyolivumilia miaka yote. Ila mwaka huo nyumba aliyokuwa amepanga iliuzwa, mwenye nyumba mpya akawatoa wapangaji wote, na kodi za kwingine zilimshinda. Akahamia kwa binti yake. Chumba alichopewa kilikuwa cha nyuma, na ili kukifikia ilibidi apite sebuleni.

Asiyewahi kuishi nyumba moja na mkwe wake anaweza kudhani ni jambo dogo. Bi Chaki alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango wa chumba chake, ili anayejilaza sebuleni apate nafasi ya kukaa sawa. Mkwe naye hakuthubutu kutoka chumbani bila shati, hata siku za joto la kutoa jasho hadi kwenye kope. Asubuhi kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze kuoga.

"Tangulia, baba."

"Hapana, mama, tangulia wewe."

"Mimi sina haraka, baba."

Wakafika kazini wamechelewa wote wawili, siku tatu katika wiki moja. Binti alikuwa katikati. Siku moja aliwaambia mbele ya chakula, "Mnanichosha nyote wawili kwa adabu zenu."

Bi Chaki alikuwa amekwishapata mahali: chumba na sebule nyuma ya duka la dawa, chini, mlango wake ukitazama barabara. Mama mwenye nyumba alimpenda, akamwambia atamwekea hadi mwisho wa mwezi uliofuata, si zaidi. Kwa mshahara wa msaidizi, kodi ile haikuwezekana. Kwa mshahara wa mkataji, iliwezekana na kubaki kidogo. Alinieleza haya dirishani kwangu, akipokea chaki, kwa sauti ya mtu anayeongelea hali ya hewa.

Sheria ilipita Jumatano, mwanzoni mwa mwezi huohuo alionieleza haya. Redio iko juu ya rafu ya nyuzi, na tulikuwa tunakula. Mtangazaji alisema muswada wa malipo sawa umepitishwa na kutiwa saini: mwanamke na mwanamume wanaofanya kazi ileile walipwe mshahara uleule, na maafisa wa kazi watapita kila mahali kuandika nani anafanya nini. Cherehani zilikuwa kimya kwa sababu ya mapumziko. Kisha Kimya, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti, akapiga kelele hadi kijiko kikamtoka mkononi.

Mzee Wembe aliendelea kutafuna. "Wakiongezwa wao, hiyo nyongeza inatoka wapi?" akauliza. "Inatoka mfukoni mwangu."

"Mfuko wako una nini, mzee?" akauliza mshonaji mmoja. "Si ulinikopa sabuni jana?"

Watu wakacheka, lakini niliona mzee hakucheka.

Meneja wetu si mtu mbaya. Ni mtu anayependa karatasi zimwamulie. Alitukusanya akasema, "Afisa kazi atakuja. Atakachoandika yeye, mimi nitakilipa. Sitaongeza, sitapunguza." Akatuambia siku: Jumatatu ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi.

Ijumaa tulifagia. Jumamosi tukafuta madirisha. Jumatatu watu walikuja wamevaa kama wanaokwenda harusini. Hata Mzee Wembe alinyoa. Na saa nne kasoro dakika kumi, gari lilipoegeshwa nje, nilimwona Bi Chaki ameinamia meza, mikono imejaa chaki, aproni ina nyuzi. Ndipo nikainuka, nikatoka stoo, nikamwambia, "Bi Chaki, wageni hao. Hebu watazame."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mgeni akija karakana, wakubwa hutafuta viti, na Bi Chaki na Kimya hutafuta birika. Sikufikiri. Naye hakufikiri. Aliacha chaki mezani, akanawa mikono hadi ikatakata, akavua aproni, akafunga kitambaa kipya. Kimya akapanga vikombe.

Afisa kazi alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na kibao cha kuandikia. Alizunguka meza ya kukatia kwa muda mrefu. Alimwona Mzee Wembe anapanga. Alimwona mkwe anakata. Alimwona Bi Chaki ameshika sinia.

"Na wewe mama, unafanya kazi gani hapa?"

Bi Chaki aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu mwenye malezi anavyofanya akiulizwa habari zake mbele za watu. "Aa, mimi nawasaidiasaidia tu hapa, mwanangu. Ongeza sukari?"

Dada akaongeza sukari. Akaandika.

Orodha ilibandikwa ubaoni baada ya siku tisa. Wakataji: wawili. Huduma na usaidizi: wawili. Chini yake maandishi madogo yalisema asiyekubaliana aandike barua ndani ya siku kumi na nne.

Bi Chaki alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta kwa aproni, akasoma tena. Mkwe alikuwa nyuma yake. Kila mtu alitafuta kitu cha kufanya.

"Huduma," akasema Bi Chaki.

"Mama, hili ni kosa," akasema mkwe. "Nitaandika barua mimi mwenyewe. Nitasema wewe ndiye uliyenifundisha."

"Utasema nini, baba? Dada wa watu aliniuliza, nikamjibu. Ameandika nilichosema." Kisha akageuka kuelekea dirisha langu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya majora, nakiri. "Karani! Toka huko. Nipe karatasi yenye mistari, na kalamu inayoandika, si ile yako ya kukwaruza."

Barua aliiandika mwenyewe, mistari saba. Alinionyesha ili nitazame tarehe. Aliandika kwamba siku ile afisa alimkuta anaandaa chai kwa ajili ya afisa, na kwamba kama afisa asingekuja, angemkuta anakata. Nilimwambia sentensi hiyo ina kasoro, kwa sababu asingekuja asingemkuta. Akasema, "Ataelewa. Ni mwanamke."

Alielewa. Jibu lilikuja: afisa atarudi Jumanne, na kila mtu aendelee na kazi yake ya kila siku kama vile hakuna mgeni.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa magumu. Nitaeleza kwa nini.

Jumamosi kabla ya Jumanne hiyo, baada ya kazi, mkwe alipendekeza tufanye mazoezi. Bi Chaki akasimama mezani na chaki yake. Mimi nikatoka nje, nikahesabu hadi ishirini, nikaingia.

"Hodi!"

"Karibu!" Bi Chaki alikuwa tayari amegeuka, anajifuta mikono.

"Mama, umegeuka," akasema mkwe.

"Nimegeuka?"

"Umegeuka, na unajifuta."

Nikatoka tena. "Hodi!" Safari hii hakugeuka, ila mguu wake mmoja ulitoka chini ya meza ukaelekea lilipo birika, peke yake. Kimya akacheka hadi akakaa sakafuni. Mara ya tatu nilipoingia, Bi Chaki aliibana meza kwa mikono yote miwili kama mtu aliye kwenye gari bovu.

"Mimi ni afisa," nikasema. "Nimetoka mbali. Nina kiu."

"Mwache mama wa watu," akasema mkwe.

"Nina kiu sana, na nimesimama."

"Jamani, mpeni basi hata kiti!" Bi Chaki akapiga kelele, na akaenda kuchukua kiti mwenyewe.

Tulifanya mazoezi mara kumi na moja. Alifaulu mara mbili. Tulipofunga milango aliniambia kwa sauti ya chini, "Karani, mimi najua kukata kila kitu. Hiki cha kumwacha mtu amesimama nakiona kigumu kuliko koti la daktari." Hadi mwisho wa mwezi wa ahadi ya mama mwenye nyumba zilibaki siku kumi na mbili, na mtu mwingine alikuwa ameshakiulizia chumba kile cha nyuma ya duka la dawa.

Jumanne gari lilisimama saa tatu na nusu, mapema kuliko tulivyotegemea. Mezani kulikuwa na kitambaa cha kijani cha sare za wauguzi, tabaka thelathini. Bi Chaki alikuwa amefika kwenye kola. Nilisikia viatu kwenye ngazi, nikasikia "Hodi," nikashika ukingo wa dirisha.

Bega lake lilishtuka. Ni hilo tu. Chaki iliendelea kuzunguka kola hadi ilipokutana na mwanzo wake.

"Karibu, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Utanisamehe, siwezi kukupa mkono. Nikiondoka hapa karatasi zitahama."

Dada akasimama. Hakuna aliyempa kiti, kwa sababu tuliambiwa tuendelee na kazi, na kila mmoja wetu alikuwa anateseka. Mkwe ndiye aliyeshindwa kwanza. Aliweka makasi chini, akaenda kwenye birika. Tulimsikia anafungua kabati, anafunga, anafungua jingine. Alirudi na sinia lenye birika na sukari. Vikombe hakuleta.

"Baba," akasema Bi Chaki, macho kwenye kitambaa, "mgeni atakunywa kwa mkono?"

Afisa kazi aliinamisha uso kwenye kibao chake, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baada ya hapo hewa ilikuwa nyepesi zaidi. Alisogea karibu na meza, akauliza kwa nini mkono umewekwa pale na si huku. Bi Chaki akamweleza: kitambaa hiki kina upande, ukikigeuza kinang'aa tofauti, na muuguzi atavaa sare yenye bega moja jeusi kuliko jingine. Akamweleza kuhusu mfuko uliojificha chini ya kwapa la sare ya jirani yake. Akamwambia, "Hapa zinatoka arobaini na nane." Kisha akachukua mashine ya kukatia na kukata safu nzima ya kwanza bila kunyanyua mkono, Kimya akakata ya pili, na dada alitazama bila kuandika chochote.

Halafu akamgeukia Mzee Wembe. "Mzee, nisaidie. Kuna kazi yoyote ya meza hii ambayo wewe unaifanya, na huyu mama haifanyi?"

Mzee Wembe alianza kuokota vipande vya kitambaa sakafuni. Ninamjua, si mwongo, ni mwoga wa mfuko wake. Mwishowe akasema, "Kubeba majora."

"Eleza."

"Jora ni zito. Hutolewa stoo, huletwa mezani. Hiyo ni kazi ya kiume."

"Jora hubebwa na watu wangapi?"

"Wawili. Mmoja mbele, mmoja nyuma."

"Mbele huwa ni nani?"

"Mimi."

"Na nyuma?"

Washonaji waliacha kukanyaga cherehani. Mimi ndiye ninayetoa majora. Nilijua jibu kwa miaka kumi na moja ya kuandika zamu zao, ila halikuwa langu kulitoa.

Mzee Wembe alitazama dari. "Nyuma," akasema, "ni yeye."

Kicheko kilichofuata kilitoka kila upande, na Bi Chaki mwenyewe alicheka, safari hii akiwa ameinua kichwa. "Na nyuma ndiko kuzito, Wembe! Miaka yote unatangulia, uzito unaniachia mimi!"

"Ungesema!" akafoka mzee, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Kabla hajaondoka, dada alimvuta Mzee Wembe pembeni, karibu na dirisha langu, nikasikia. Alimwambia kwamba sheria hairuhusu mwajiri kushusha mshahara wa mtu yeyote ili kusawazisha. Wa chini ndio wanaopandishwa. "Wako hauguswi, mzee."

"Hauguswi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mzee alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu siku ya redio. "Sasa si mngesema mapema," akasema. "Nimekosa usingizi bure, na wale akina mama nimewanunia bure."

Orodha mpya ilibandikwa Ijumaa. Wakataji: wanne. Bi Chaki aliisoma mara moja tu. Hakushangilia. Alikwenda kwenye benchi la washonaji, akakaa, akanyoosha miguu mbele, akaiangalia kwa muda. Kimya alikaa karibu yake na kumshika mkono. Meneja alitoka ofisini, akatazama ubao, akasema, "Haya, karatasi imeshasema," akarudi ndani. Mimi naona na yeye alikuwa amepata nafuu.

Mkwe alisimama kidogo pembeni, anageuza makasi mkononi.

"Mama," akasema, "hongera. Lakini usidhani tunakufukuza nyumbani."

"Najua, baba. Nakufukuza wewe kwenye shati lako."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akacheka hadi akalazimika kujifuta macho kwa kiwiko.

Alihama Jumapili ya kwanza ya mwezi mpya. Mkwe alibeba kitanda, binti alibeba vyombo, na mimi nilibeba godoro upande wa nyuma kwa kuamriwa. Chumba kina dirisha moja, na sebule ina nafasi ya viti viwili na meza ndogo. Mlango ni wa bluu. Bi Chaki aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, halafu akaenda chumbani na kurudi sebuleni bila kukohoa.

Tulipomaliza kupanga, nilikaa kwenye kiti kimoja, mkwe kwenye kingine, naye akaelekea jikoni. Mkwe akaruka. "Mama, kaa! Chai nitaandaa mimi. Vikombe safari hii nimeviona."

"Kaa chini, baba," akajibu kutoka jikoni, na tukasikia maji yanaingia kwenye birika. "Kule ni kazini. Hapa ni kwangu."

Mkwe akakaa. Joto lilikuwa kali mle ndani, na baada ya muda nilimwona anafungua kifungo cha juu cha shati, kisha cha pili.